MASHUA YA UVUVI YENYE INJINI: JINSI YA KUIIMARISHA NA KUISAWAZISHA

Huenda msomaji wa Ikutha, akiona kichwa cha habari hii, akacheka na kuuliza, "Sisi na mashua wapi na wapi?" Swali lake si la upuuzi. Nchi ya Ikutha ni kavu. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na wengi wao wanajua zaidi kazi ya kufukua mchanga wa mto ili kupata maji kuliko kazi ya kuvuka maji. Hata hivyo, ziko sababu mbili za kuwafanya watu wa Ikutha, na wa Kitui na Makueni kwa jumla, wajifunze habari za vyombo vya majini.

Sababu ya kwanza ni mto wenyewe. Mto Athi, upitao magharibi ya Ikutha, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki, nao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Wazee walisema, bahari iliko ndiko mito iendako. Na vijana wetu nao wameifuata njia hiyo hiyo. Wengi wameshuka Mombasa, Kilifi na Malindi kutafuta kazi, na miongoni mwao wapo wanaoajiriwa katika vyombo vya uvuvi au wanaotia akiba yao katika mashua.

Sababu ya pili ni mabwawa. Katika Mto Tana yalijengwa mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Bwawa la Kiambere liko katika mpaka wa Kitui na Embu, na wavuvi hupata riziki zao humo. Tena katika mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa kubwa la Thwake, karibu na mahali ambapo Mto Thwake huingia katika Athi, kati ya Makueni na Kitui. Bwawa hilo limepimwa kushika maji mita za ujazo milioni 688. Bwawa la kadiri hiyo likijaa huwa ziwa, na ziwa halikosi samaki, wala penye samaki hapakosi mashua. Ni vema mtu ajifunze kabla ya maji kufika mlangoni pake.

Tena maji hayana msamaha kwa mtu asiyejua tabia yake. Watu wa Kitui hawakusahau tarehe 4 Desemba 2021, wakati basi lililokuwa likivuka Mto Enziu, upande wa Mwingi, liliposombwa na mafuriko na watu zaidi ya 30 wakafa. Na katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101, nacho kilikuwa na wengi zaidi ya hao. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Kilikuwa chombo kikubwa cha chuma. Ikiwa chombo cha namna ile chaweza kupinduka kwa kuzidishiwa watu, mashua ya mbao ya mita saba yahitaji uangalifu mara nyingi zaidi.

Injini ya kupachika ni nini?

Injini ya kupachika ni mashine ya petroli ambayo hutundikwa nyuma ya chombo, nje ya ubao wa tezi. Juu kuna mtambo wenyewe, katikati kuna mhimili mrefu, na chini majini kuna rafadha, yaani pangaboi linalosukuma maji. Nahodha hugeuza injini nzima kwa mkono ili kuelekeza chombo, na kwa hiyo hahitaji usukani mwingine. Mmoja wa watu walioieneza mashine hii duniani ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, ambaye alianza kuuza injini zake katika mji wa Milwaukee mwaka 1909. Katika Afrika ya Mashariki injini hizi zilianza kuonekana kwa wingi kwa wavuvi katika miaka ya 1950 na baadaye, na leo husikika katika Ziwa Victoria na pwani yote.

Jambo la kukumbuka ni hili: vyombo vyetu vingi vya zamani havikuundwa kwa ajili ya injini. Dau la pwani limechongoka mbele na nyuma. Ngalawa husimama kwa msaada wa matengo yake mawili. Mtumbwi wa kuchonga huendeshwa kwa kafi au pondo. Vyombo hivyo viliundwa na mafundi waliojua mahali ambapo kila mzigo utakaa. Mtu anapokuja na mashine nzito na kuitundika mwishoni kabisa mwa chombo, amevuruga hesabu ya fundi. Haimaanishi kwamba injini ni mbaya, ila hesabu haina budi kufanywa upya.

Punda na mitungi yake

Ili kufahamu hesabu hiyo tusiende mbali. Tumtazame punda atokaye mtoni na maji. Mwenye punda humtwika mitungi minne ya lita 20, miwili kila upande. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo punda amebeba kilo 80, arobaini huku na arobaini huku, naye hutembea vizuri. Lakini mtungi mmoja ukivuja njiani, matandiko huanza kwenda upande, na asipoangaliwa mzigo wote huanguka, ingawa sasa ni mwepesi kuliko hapo kwanza. Hapo twapata somo la kwanza: si wingi wa mzigo peke yake uangushao, bali pia kutolingana kwake.

Somo la pili: mwenye punda hafungi mitungi juu ya mgongo, mmoja juu ya mwingine. Huitundika chini ubavuni, kwa sababu mzigo ulio juu huyumba na kumwangusha mnyama. Mashua ni vivyo hivyo. Mzigo uliowekwa chini sakafuni hukifanya chombo kitulie. Mzigo uliopandishwa juu hukifanya kiwe kizito kurudi kikiinama.

Somo la tatu: mtungi uliojaa kabisa hutulia, lakini mtungi uliojaa nusu hupigapiga, na kila punda ainamapo maji hukimbilia upande ule ule wa chini. Maji yaliyoingia ndani ya mashua, ambayo mabaharia huyaita maji ya ngama, hufanya hivyo hivyo. Mashua ikilala kidogo kulia, maji yote hukimbilia kulia na kuilaza zaidi. Ndiyo maana maji kidogo yenye kuchezacheza ndani ya chombo ni hatari kuliko samaki wengi waliofungwa vizuri katika masanduku.

Sasa tueleze kwa nini chombo huelea na kusimama wima. Archimedes, mtaalamu Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alieleza kwamba maji hukisukuma chombo juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo chombo kimeyaondoa mahali pake. Uzito wa chombo huvuta chini, na maji husukuma juu. Chombo kikiinama upande mmoja, upande ule huzama zaidi, na maji ya upande ule husukuma kwa nguvu zaidi na kukirudisha. Lakini ikiwa mizigo na watu wako juu sana, uzito wao nao huhamia upande wa chini na kuishinda nguvu ya maji. Hapo chombo hakirudi tena, nacho hupinduka ghafla. Watu wengi hudhani kwamba chombo kitatoa onyo kabla ya kupinduka. Mara nyingi hakitoi.

Mfano wa mashua ya mita saba

Tuseme kuna mvuvi mwenye mashua ya mbao yenye urefu wa mita 7, na upana wake mahali igusapo maji ni kiasi cha mita 1.6. Mashua ya namna hiyo, kila ikiongezewa kilo 80 hivi, huzama sentimita moja tu zaidi. Kwa hiyo kilo 200 za samaki zikipakiwa katikati, mashua hushuka kama sentimita mbili na nusu. Mvuvi akiona hivyo huamini kwamba chombo chake hakiogopi mzigo. Lakini mzigo huo huo ukiwekwa nyuma kabisa, tezi hushuka zaidi ya hapo na omo huinuka, kama ubao wa watoto wa kupanda na kushuka.

Mvuvi wetu ana injini ya nguvu za farasi 15, ya mipigo miwili, yenye uzito wa karibu kilo 40. Kupima nguvu ya mzigo wa kuinamisha chombo, tunazidisha kilo kwa mita, tukihesabu mita kutoka katikati ya chombo. Hesabu yake ya upande wa nyuma ni hii: injini, kilo 40 mara mita 3.5, ni 140. Nahodha, kilo 70 mara mita 2.8, ni 196. Tangi la petroli, kilo 20 mara mita 2.5, ni 50. Jumla ni 386.

Upande wa mbele ana baharia mmoja wa kilo 70 kwa mita 1.5, yaani 105. Nyavu kilo 100 kwa mita 1, yaani 100. Sanduku la barafu kilo 100 kwa mita 1, yaani 100. Na nanga na kamba yake, kilo 20 kwa mita 3, yaani 60. Jumla ni 365. Pande mbili zimekaribiana, na mashua hukaa vizuri majini, tezi ikiwa chini kidogo tu kuliko omo, kama ipasavyo.

Sasa mvuvi huyu ameuza samaki vizuri naye ataka injini ya nguvu za farasi 40, yenye uzito wa kiasi cha kilo 75. Hesabu ya injini yapanda kutoka 140 hadi 262.5, na jumla ya nyuma huwa 508.5. Mbele bado ni 365. Akiondoka hivyo, tezi itakaa chini, na mawimbi ya nyuma yataingia juu ya ubao wake, hasa akipunguza mwendo ghafla na wimbi la chombo chake mwenyewe likimfikia kwa nyuma.

Je, afanyeje? Wengine hutupa mawe mbele yawe farumi. Farumi husaidia, lakini huongeza uzito usiozaa faida, na chombo kikijaa maji huharakisha kuzama. Njia bora ni kuhamisha vitu ambavyo vimo chomboni tayari. Tangi la petroli akilitoa nyuma na kuliweka mbele mita 1 kutoka katikati, akitumia mpira mrefu zaidi wa mafuta, nyuma hupungua 50 na kuwa 458.5, na mbele huongezeka 20. Kisha baharia wa pili wa kilo 70, aliyekuwa akiketi katikati, akisogea mbele mita 1, mbele huongezeka 70. Jumla ya mbele sasa ni 455. Mizani imerudi, wala hakuongeza hata jiwe moja.

Lakini asisahau kwamba baadhi ya mizigo haikai ilivyo. Petroli hupungua njiani, barafu huyeyuka, na nyavu zikitoka majini huwa nzito kwa maji. Kwa hiyo samaki wawekwe katikati, chini, ndani ya masanduku au nyuma ya vizuizi vya mbao, ili wasiteleze upande mmoja. Na maji ya barafu yafuliwe kila mara.

Je, injini kubwa ndiyo bora?

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawapendi sana kulieleza. Mashua nzito ya mbao husukuma maji mbele yake na kuzaa wimbi. Kadiri mwendo uzidivyo, wimbi hilo hurefuka, mpaka huwa na urefu sawa na wa mashua yenyewe. Kwa mashua ya mita 7, hali hiyo hufika kwenye mwendo wa kilomita 11 au 12 kwa saa. Ikitaka kupita hapo, mashua ni kama inapanda mlima wa maji iliouzaa yenyewe: omo huinuka, tezi huzama, na petroli huteketea bila mwendo kuongezeka kwa kadiri inayostahili. Mashua nyepesi yenye tako bapa huweza kupanda juu ya maji na kuteleza, na mtumbwi mrefu mwembamba huweza kupita mpaka huo kwa urahisi zaidi. Lakini mashua fupi, pana na nzito haiwezi.

Injini ya mipigo miwili, ikikimbizwa kwa nguvu zote, hula kiasi cha nusu lita ya petroli kwa saa kwa kila nguvu ya farasi. Injini ya farasi 15 hula lita 7 hivi. Ya farasi 40 hula lita 20 hivi. Basi mvuvi wetu, kabla ya kununua, na ajiulize kama atafika kwenye samaki mapema zaidi, au atafika wakati ule ule akiwa na mfuko mwepesi. Injini za mipigo minne hula mafuta kidogo kuliko za mipigo miwili, lakini ni nzito zaidi. Ile ya farasi 15 huwa na kilo 50 au kupita, na uzito huo nao uingizwe katika hesabu.

Kuimarisha ubao wa tezi

Injini haiburuti chombo kwa uzito wake tu, bali hukisukuma. Rafadha ikisukuma mbele huko chini, vibano vya juu huvutwa nyuma, na ubao wa tezi hupindwa kama mlango unaotaka kung'oka katika bawaba. Ubao wa zamani uliopigiliwa kwa misumari hautadumu. Fundi na aweke ubao imara wa mvule au mbao nyingine ngumu, wenye unene wa sentimita 4 hadi 5, uunganishwe na mkuku na mbavu za chombo kwa magoti ya mbao yaliyokazwa kwa bolti zinazopenya hadi upande wa pili. Mapengo yote yakalafatiwe vizuri, kwa maana mtikisiko wa injini hufungua nyufa ambazo tanga halikuzifungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na baharini hakuna wa kumwita aje kujenga.

Vibano vya injini vikazwe kwa mkono kila safari, na injini kubwa ifungwe kwa bolti. Juu ya hayo, injini ifungwe mnyororo au kamba ya nguvu kwenye chombo, ili ikichomoka isizame moja kwa moja. Wenye dau lililochongoka nyuma wasitundike injini ubavuni kwa ubao wa muda bila kumwuliza fundi, kwa sababu hapo uzito na msukumo vyote huwa upande mmoja.

Kimo cha injini na pembe yake

Juu kidogo ya rafadha kuna bamba bapa lililolala. Bamba hilo ndilo kipimo. Chombo kikiwa katika mwendo, bamba liwe sawa na sehemu ya chini kabisa ya chombo, au chini yake kwa sentimita 2 hadi 3. Injini ikiwa juu sana, rafadha hunyonya hewa. Mvuvi husikia injini ikinguruma kwa ghafla lakini chombo hakiendi. Ikiwa chini sana, huburuta maji, hupoteza mafuta, na hugonga miamba na mchanga.

Injini huuzwa zikiwa na mihimili mifupi na mirefu. Ile fupi hufaa ubao wa tezi wenye kimo cha sentimita 38 hivi, na ile ndefu ubao wa sentimita 51 hivi. Mnunuzi na apime ubao wake nyumbani kabla ya kwenda dukani, asinunue kwa kuvutiwa na rangi.

Baada ya kimo kuna pembe. Karibu na vibano kuna tundu kadhaa na pini. Pini ikisogezwa ili rafadha ikaribie chombo, omo hushuka. Ikisogezwa ili rafadha iende mbali, omo huinuka. Omo likiinuka mno hata nahodha asione mbele, au mashua ikirukaruka, pembe si sawa au mzigo uko nyuma. Omo likijichimbia majini na kurusha maji pande zote, pembe imezidi upande wa pili. Nahodha ajaribu tundu moja moja, siku ya utulivu, mpaka apate mahali ambapo chombo chakata maji bila kugombana nayo.

Kujaribu chombo kabla ya safari

Kila chombo kilichobadilishwa injini, au kilichojengewa kivuli cha mabati, au kilichoongezwa ubao ubavuni, kijaribiwe karibu na ufuo penye maji matulivu, na kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Yako majaribio mawili yasiyohitaji vyombo vya kitaalamu.

La kwanza ni kupakia mzigo wa kawaida, kisha watu wawili wasogee polepole upande mmoja. Chombo kitainama. Ikiwa ukingo unakaribia maji kwa watu wawili tu, chombo hicho hakifai kwenda mbali, kwa sababu siku ya kuvuta nyavu watu wote huwa upande mmoja, na nyavu zenyewe huvuta upande huo huo.

La pili ni kuhesabu mruko wa chombo. Mtu akitikise chombo kwa ukingo wake, kisha akiache, ahesabu muda wa kwenda upande mmoja na kurudi mpaka mahali kilipoanzia. Chombo kinachorudi upesi kina nguvu ya kusimama. Chombo kinachorudi polepole, kikikawia upande kana kwamba kinafikiri, kina uzito juu. Yafaa mwenye chombo apime muda huo wakati chombo chake kingali katika hali nzuri, auandike. Na baada ya kila badiliko apime tena akiwa na mzigo ule ule. Muda ukiongezeka, ajue kwamba amepunguza usalama, hata kama macho yake hayaoni tofauti.

Aliyezoea maji ya bahari naye akumbuke kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto na ziwa: mita ya ujazo ya maji ya bahari ni kiasi cha kilo 1,025, na ya maji baridi ni kilo 1,000. Kwa hiyo mashua ile ile, kwa mzigo ule ule, huzama zaidi kidogo katika bwawa kuliko huko Kilifi.

Mambo ya kushika kila siku

Nanga itupwe kutoka omo, isitupwe kamwe kutoka tezi. Tezi ndiyo yenye injini, nayo ndiyo iliyo chini. Nanga ikiishika na mawimbi yakiipiga, chombo hujaa maji kwa muda mfupi sana.

Watu waketi chini chombo kiendapo. Mtu akisimama, uzito wake wote hupanda juu. Na wakati wa kufika pwani, watu wasisimame wote pamoja na kukimbilia upande wa kushukia, kwa maana ajali nyingi hutokea nchi kavu ikiwa inaonekana.

Nahodha ajifunge mkononi kamba ya kuzimia injini. Akianguka majini, kamba hiyo huzima injini. Asipoifunga, mashua isiyo na mtu huzunguka na kumrudia na rafadha yake.

Petroli ya injini ya mipigo miwili ichanganywe na mafuta ya kulainisha kama kitabu cha mtengenezaji kisemavyo. Kwa injini nyingi ni lita 1 kwa lita 50. Na kila mara nahodha atazame kama maji ya kupoza yanatoka katika tundu lake. Yasipotoka, azime injini mara moja. Injini ikifa penye upepo, chombo hugeuka ubavu kwa mawimbi. Kwa hiyo kafi mbili na upo wa kufulia maji zisikosekane hata siku moja.

Tena mitungi mitupu ya lita 20, ambayo hakuna nyumba ya Ikutha isiyoijua, yaweza kuokoa watu. Mtungi mmoja mtupu uliofungwa kifuniko barabara huinua karibu kilo 19 majini. Mitungi kumi huinua kiasi cha kilo 190. Ikifungwa kwa kamba imara chini ya vikalio, mitano kila upande, karibu na ukingo, mashua ikijaa maji haitazama pamoja na injini yake, na watu watapata pa kushika. Lakini mitungi hiyo haiwi badala ya majaketi. Kila aliye chomboni awe na lake, alivae, asilikalie.

Mwenye chombo aende pia kwa wakubwa wa kazi hiyo. Nchini Kenya Mamlaka ya Bahari, iitwayo KMA, husimamia usalama wa vyombo, na maofisa wa uvuvi hufanya kazi pamoja na vikundi vya wavuvi vya ufuoni viitwavyo BMU. Huko ataelezwa habari za kuandikisha chombo, kukaguliwa, na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Idadi hiyo haikuwekwa ili kumpunguzia mtu faida. Imetokana na hesabu kama hii tuliyoifanya hapa.

Mwisho, katika chombo awepo nahodha mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Yeye ndiye aamue nani aketi wapi, mzigo ukae wapi, na saa ya kurudi upepo ukibadilika. Na mwenye mali aliyebaki ufuoni asimshurutishe kubeba zaidi. Samaki walioachwa leo majini watavuliwa kesho. Baba wa watoto akiachwa humo, hakuna wavu uwezao kumrudisha nyumbani akiwa hai.